Toba ya Msanifu: Juu ya Makala ya David Siegel ya Mwaka 1997

Ni nadra kumwona fundi akiishitaki kazi ya mikono yake hali wateja bado wamesimama mlangoni wakiitaka. Aghalabu mtunzi huzeeka kwanza, ndipo akageuka nyuma na kusema kwamba tungo za ujana wake zilikuwa na dosari. David Siegel, msanifu wa kurasa za mtandao wa intaneti huko Marekani, hakungoja uzee. Mwaka 1996 alitoa kitabu kiitwacho Creating Killer Web Sites, ambacho kiliwafundisha watu wengi jinsi ya kuzipa kurasa hizo sura ya kupendeza. Mwaka 1997, kitabu kingali kipya madukani, alitoa makala yaitwayo The Web Is Ruined and I Ruined It. Maana yake, mtandao umeharibika, nami ndimi niliyeuharibu. Katika makala hayo alizitazama tena kazi zake za mwanzo, akatangaza kwamba mbinu zile zile zilizompatia sifa ndizo zilizoleta madhara.

Nia yangu hapa ni kuyapima makala hayo kama yapimwavyo maandiko mengine: mtungaji amesema nini, amesema kweli kwa kadiri gani, na ni jambo gani limempita. Huenda msomaji akauliza habari hizi zawahusu nini wanafunzi wa lugha na fasihi. Zawahusu sana, kwa kuwa kiini chake ni swali la siku nyingi la umbo na maana. Je, maneno yaweza kutengwa na vazi yaliyovikwa? Na ni nani mwenye haki ya kulichagua vazi hilo, mwandishi au msomaji? Dai langu ni kwamba Siegel alilitambua kosa lakini hakulifikia shina lake. Alitubu kwa ajili ya zana alizozitumia, wala hakutubu kwa ajili ya namna alivyomfikiria msomaji.

Kwanza yafaa tukumbuke ukurasa wa mtandao ulikuwa kitu gani ulipozaliwa. Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi CERN, maabara ya fizikia iliyo karibu na Geneva, alitoa pendekezo lake mwaka 1989, na mwaka 1991 mtandao ulitangazwa kwa watu wa nje. Lugha ya alama aliyoitunga, yaani HTML, haikuwa lugha ya mapambo. Kazi yake ilikuwa kusema: maneno haya ni kichwa cha habari, haya ni aya, hii ni orodha, na neno hili ni kiungo cha kumpeleka msomaji kwenye andiko jingine. Haikusema kichwa kiwe na ukubwa gani, wala aya ianzie wapi. Hayo yaliachiwa kivinjari, yaani programu ya msomaji, kiyaamue kwa kadiri ya uwezo wa kompyuta yake. Na sababu ilikuwapo. Wataalamu walioutumia mtandao siku zile walikuwa na mashine za aina nyingi, nyingine zikionyesha maandishi matupu pasipo picha. Andiko lililotaka kusomwa na wote halikuweza kudai sura moja.

Tarehe 30 Aprili 1993 CERN iliutoa mtandao kwa watu wote bila malipo. Mwaka huo huo kilitokea kivinjari cha Mosaic, kilichoundwa katika Chuo Kikuu cha Illinois, ambacho kiliziweka picha pamoja na maandishi katika ukurasa mmoja. Na mwishoni mwa mwaka 1994 kikaja Netscape. Hapo ndipo wenye magazeti, wafanya biashara na wachoraji walipoingia. Walikuta kurasa za rangi ya kijivu, maandishi yakienda kutoka ukingo mmoja wa kioo hata wa pili, na aya zilizotengwa kwa mistari mitupu. Nyumba ilikuwa imara, lakini kuta zake hazikupakwa chokaa.

Siegel hakuwa mtu wa kuivumilia hali hiyo. Alikuwa amesomea uchapaji wa kompyuta katika Chuo Kikuu cha Stanford, akashiriki katika kazi ya kuziingiza katika kompyuta herufi za Euler, zilizochorwa na Hermann Zapf wa Ujerumani. Na mwaka 1989 kampuni ya Adobe ilitoa herufi za Tekton, ambazo msanifu wake ni yeye Siegel. Mtu wa namna hii huihesabu nafasi tupu iliyo kati ya herufi na herufi kama mshairi ahesabuvyo mizani. Kumwambia kwamba hana ruhusa ya kuchagua upana wa pambizo ni sawa na kumwambia mshairi kwamba vina vitapangwa na msomaji.

Basi alitafuta njia ya kupita. Mbinu alizozieneza zilikuwa nyingi, lakini tatu zatosha kwa haja yetu. Ya kwanza ni jedwali. Alama za jedwali ziliwekwa katika HTML kwa ajili ya kupanga tarakimu na maelezo katika safu; Siegel na wenzake walizifanya mifupa ya ukurasa mzima, safu moja kwa orodha ya mambo yaliyomo, nyingine kwa habari zenyewe, na safu tupu zikawa pambizo. Ya pili ni picha isiyoonekana: GIF ya pikseli moja tu, isiyo na rangi, ambayo ikipewa upana au urefu huyasukuma maneno yaliyo jirani nayo. Kwa picha hiyo mtu aliweza kuisogeza ndani aya au kuachanisha mistari, mambo ambayo HTML yenyewe haikuyajua. Ya tatu ni kuchora maneno: kichwa cha habari hakikuandikwa kwa herufi, kilifanywa picha, ili kionekane kwa herufi zile zile alizozipenda msanifu.

Si haki kuzicheka kazi hizo. Siegel alikuwa mhakiki mkali wa ubaya, na mengi aliyoyakataza yalistahili kukatazwa: mistari mlalo iliyokatakata ukurasa bila sababu, na mapambo ya nyuma ya maandishi yaliyomfanya msomaji akaze macho. Aliwahimiza wanafunzi wake wapunguze idadi ya rangi katika picha ili ukurasa usiwe mzito kwa wenye simu za waya zilizokwenda polepole. Aliigawa historia fupi ya mtandao katika vizazi vitatu, akasema kizazi cha tatu ni kile ambamo ukurasa hutungwa kwa nia, una mlango wa kuingilia na njia ya kumwongoza mgeni. Katika hayo yote alikuwa mwalimu, na wale waliomfuata walijifunza kwamba hata kwenye kioo cha kompyuta msomaji anastahili heshima ya uchapaji mzuri. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Tungo njema nayo haikosei ikitaka kupambwa.

Sasa tuje kwenye toba yenyewe. Katika makala ya 1997 Siegel anakiri kwamba kosa lake lilikuwa kuchanganya yaliyomo na umbo hata visiweze kutenganishwa tena. Anamkumbusha msomaji kwamba HTML ilitokana na SGML, lugha ya alama iliyokusudiwa kueleza muundo wa andiko, wala si sura yake. Na kwamba yeye na wafuasi wake waliiteka lugha hiyo wakaitumikisha katika kazi isiyokuwa yake. Kisha anaelekeza macho mbele. Dawa, kwa maoni yake, ni kuirudisha kila kazi mahali pake: muundo uelezwe kwa alama za muundo, na sura iandikwe kando kwa kanuni za mitindo ziitwazo CSS, na XML, iliyokuwa ikitayarishwa wakati huo, iwape watu uwezo wa kutunga alama zao wenyewe zenye maana. Lugha yake ni ya mtu anayejipiga kifua. Hajifichi nyuma ya wenzake wala hadai kwamba hakuelewa alichokuwa akifanya.

Ushahidi wa madhara anayoyataja ni rahisi kuupata. Mtu asiyeona hutumia programu inayomsomea kwa sauti yaliyomo kiooni. Programu hiyo hufuata mpangilio wa alama, na ikikuta jedwali lililotumiwa kama mifupa ya ukurasa yaweza kusoma kipande cha orodha, ikarukia kipande cha habari, kisha ikarudi. Ikikuta picha zisizoonekana ambazo mwandishi hakuzifungia maelezo, huzitangaza moja moja kama kwamba zina jambo la kusema. Na kichwa cha habari kilichochorwa ni kimya kwake. Mashine zinazotafuta habari nazo haziwezi kukisoma kichwa hicho. Mwenye tovuti akitaka kubadili rangi ya vichwa vyote, hana budi kuufungua kila ukurasa na kuitafuta rangi hiyo katikati ya msitu wa alama. Mwezi wa Mei 1999 shirika la W3C lilipotoa mwongozo wake wa kwanza wa kuwafaa wasomaji wenye ulemavu, matumizi haya ya majedwali yalikuwa miongoni mwa mambo ambayo wasanifu walionywa juu yake.

Hapa mwanafunzi wa ushairi wetu ana mfano ulio karibu naye. Katika miswada mingi ya tenzi iliyoandikwa kwa hati ya Kiarabu, ubeti mzima hukaa katika mstari mmoja, vipande vyake vinne vikifuatana. Katika vitabu vilivyopigwa chapa kwa herufi za Kirumi, ubeti huo huo husimama kwa mistari minne, kipande juu ya kipande. Sura ya ukurasa imebadilika kabisa, hata mwelekeo wa kusoma umegeuka kutoka kulia kwenda kushoto ukawa kutoka kushoto kwenda kulia. Lakini utenzi haukupotea. Mizani minane ya kila kipande ingalipo, vina vya vipande vitatu vya kwanza vingali vinaitikiana, na kina cha kipande cha nne kingali kinaufunga ubeti na beti nyinginezo. Ni kwa sababu muundo wa utenzi umo katika maneno yenyewe. Mwandishi aweza kuupamba kwa wino mwekundu au kuuandika juu ya karatasi ya daftari. Msomaji aweza kuuimba pasipo karatasi yo yote. Nao utabaki ni utenzi. Ukurasa wa Siegel haukuwa hivyo. Muundo wake ulikaa katika sura, na sura ikiondolewa hubaki vipande visivyojuana. Ni uzuri wa mkakasi, ambao ndani ni kipande cha mti.

Hata hapa nakubaliana na mtungaji. Lakini katika mambo mawili makala yake yana upungufu, na ni upungufu ambao umefahamika zaidi kwa kadiri miaka ilivyopita.

Jambo la kwanza ni kwamba Siegel amejitwisha mzigo mkubwa kuliko wake. Mtu mmoja hawezi kuuharibu mtandao kwa kitabu. Kanuni za mitindo zilipendekezwa na Håkon Wium Lie, Mnorwe aliyekuwa CERN, mwezi wa Oktoba 1994, yaani kabla ya kitabu cha Siegel. Walakini toleo la kwanza la CSS halikuidhinishwa hata Desemba 1996, na vivinjari vya wakati huo vilizifuata kanuni hizo nusu nusu au kwa makosa. Wakati huo huo wenye kuunda vivinjari walikuwa wakishindana, kila mmoja akiongeza alama zake za mapambo ili kumvuta mteja. Alama ya kubadili aina ya herufi na ile ya kuyafanya maneno yawakewake havikuwa vitu vya Siegel. Msanifu aliyetaka ukurasa mzuri mwaka 1996 alikuwa na zana mbovu au hakuwa na zana kabisa. Aliyenyimwa patasi akachonga kwa kisu hawezi kuhukumiwa sawa na yule aliyekuwa na patasi akaiacha. Tena, kelele za wasanifu hao ndizo zilizowaonyesha waundaji wa zana kwamba haja ya uzuri ni haja ya kweli.

Jambo la pili ni kubwa zaidi. Katika toba yake Siegel anasema zana zilichanganywa, naye anatumaini kwamba zikitengwa mambo yatatengenea. Haulizi kwa nini msanifu alitaka tangu mwanzo kuamua upana wa kila mstari kiooni mwa mtu asiyemjua. Katika kitabu, mchapaji ana haki hiyo, maana ndiye anayeitoa karatasi. Katika mtandao karatasi ni ya msomaji. Ni yeye aliyenunua kioo, ni yeye ajuaye kama macho yake yataka herufi kubwa, na ni yeye anayelipia njia ambayo ukurasa unapitia. Aliyejifunza sanaa yake kwenye karatasi aliichukua desturi ya karatasi akaipeleka pasipokuwa na karatasi, akamgeuza msomaji kuwa mtazamaji wa picha.

Yaliyotokea baadaye yanathibitisha kwamba hapo ndipo palipokuwa na shina. Majedwali yaliachwa kidogo kidogo. Mwaka 2003 Dave Shea wa Kanada alitoa CSS Zen Garden, ambayo ndani yake andiko moja la HTML, lisilobadilishwa hata neno, lilivikwa mavazi mengi mbalimbali na wasanifu wengi. Kazi hiyo ilionyesha wazi kwamba muundo safi na uzuri havigombani, na kwa upande huo matumaini ya Siegel yalitimia. Walakini katika miaka hiyo hiyo kurasa nyingi zilizosanifiwa kwa kanuni safi za CSS zilifungwa kwa upana mmoja usiobadilika. Mwaka 2008 ulienea mpango maarufu wa kupanga safu ndani ya pikseli 960. Zana zilikuwa zimetakasika, na desturi ilikuwa ile ile. Aliyekuwa na kioo kidogo kuliko kilichodhaniwa alibaki akiuvuta ukurasa huku na huku kama mtu asomaye gazeti kupitia tundu la ufunguo.

Aliyeligusa shina ni John Allsopp wa Australia, katika makala yake A Dao of Web Design ya mwezi wa Aprili 2000. Yeye alisema kwamba uwezo wa mchapaji kuitawala karatasi, ambao wasanifu waliulilia, kwa kweli ni mpaka wa karatasi yenyewe, na kwamba ulegevu wa mtandao ni sifa ya kupokewa, wala si maradhi ya kutibiwa. Kwa muda wa miaka 10 maneno hayo yalisifiwa zaidi kuliko yalivyofuatwa. Ilipofika Mei 2010, simu za mkononi zikiwa zimekwisha kuwa mlango wa mtandao kwa watu wengi, Ethan Marcotte wa Marekani alieleza njia ya kusanifu ukurasa mmoja unaojipanga upya kulingana na kioo cha msomaji. Wasanifu walikubali hatimaye, ingawa walikubali kwa kulazimishwa na simu zaidi ya kushawishiwa na hoja.

Habari hii twaifahamu vema sisi wa Afrika ya Mashariki. Kabla ya mwaka 2009, nyaya za chini ya bahari zilipofika pwani yetu, mawasiliano ya intaneti yalipita kwa sehemu kubwa kwenye setilaiti, ya polepole na ya gharama, na wasomaji wengi waliukuta mtandao katika vibanda ambavyo walilipia kwa dakika. Kwao kichwa cha habari kilichochorwa hakikuwa swali la ladha. Kilikuwa senti zilizotoka mfukoni kabla neno moja halijasomwa. Baadaye wengi waliingia kwa simu ndogo ya mkononi bila kupata kuimiliki kompyuta. Msomaji huyu hakuwamo katika fikira za kitabu cha 1996, na hakutajwa kama mdai katika toba ya 1997. Siegel aliomba radhi kwa lugha ya HTML, nayo ilistahili kuombwa. Lakini lugha haina njaa wala haina haraka. Anayedai ni mtu.

Juu ya hayo yote, makala haya yana thamani ambayo upungufu wake hauifuti. Watu wengi hutazama nyuma kwa njia moja kati ya mbili: ama huzicheka kazi zao za zamani kana kwamba zilifanywa na mtu mwingine, ama huzilinda kana kwamba hazikuwa na kasoro. Siegel aliziangalia kazi zake akauliza zilimfanyia nini yule atakayekuja baada yake. Tena aliendelea na uzi huo: kitabu chake Pull, kilichotoka mwaka 2009, kinahusu habari zilizoandikwa kwa maana inayoweza kusomwa na mashine, mbali kabisa na mapambo ya kurasa. Toba iliyodumu miaka 12 si ya maneno tu.

Sisi nasi tunalo la kuchukua. Wakati wa kuitia miswada yetu katika mtandao ndio huu. Orodha ya miswada ya Kiswahili na Kiarabu iliyomo katika maktaba ya chuo kikuu cha Dar es Salaam, iliyotengenezwa na J. W. T. Allen, ilipigwa chapa mwaka 1970, na mingi ya namna hiyo ingefaa isomwe mbali na rafu ilikowekwa. Mtu aweza kuupiga picha mswada akadhani kazi imekwisha. Lakini picha peke yake haitafutiki neno, haisomeki kwa asiyeona, na haikunjuki katika simu. Mwingine aweza kuyanakili maneno kwa herufi za Kirumi akautupa mkono wa mwandishi, na pamoja nao kila alama ambayo mtaalamu wa kesho angeihitaji ili kusahihisha unakili huo. Picha ihifadhiwe kwa kazi ya picha, na maneno yaandikwe kwa kazi ya maneno, kipande kikitambulikana kuwa ni kipande na ubeti kuwa ni ubeti, kisha viwili hivyo vifungamanishwe bila kimoja kulazimishwa kuwa badala ya chenziwe. Na kabla ya kuchagua rangi, tujiulize atasoma nani, na atasoma kwa chombo gani.